Mashine ya boti iliyotema mafuta, na siku baba alipoipeleka barazani kwa Bwana Rajabali

Wakuu, salamu kwenu. Wale mnaotaka kuniamkia, marahaba, nimeshaitikia, tuendelee.

Juzi humu kuna kijana kaanzisha uzi. Kanunua mashine ya boti ya zamani, hizi za kufunga nyuma, na sasa inaacha mafuta meusi na kurusha maji. Wengi mmemwambia kapigwa, airudishe kwa aliyemuuzia na amwambie ukweli mbele za watu.

Nimesoma zile komenti nikakosa raha kutwa nzima.

Kijana, ngoja kwanza. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, Kawe, wakati wa Mwingereza, nikiwa mwari wa kuolewa. Kwa umri nilionao sina wa kumfurahisha kwa uongo.

Baba yangu, Sefu, alikuwa fundi wa mashua. Kuunda aliunda, lakini jina alilipata kwa kuziba. Mashua ikivuja, analetewa yeye. Anapitisha kidole kwenye mbao taratibu, akifika penye unyevu anashindilia pamba iliyochovywa mafuta, na mwenyewe unaondoka na mashua yako kavu. Kwake yeye tundu lolote kwenye chombo cha majini lilikuwa adui.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Bwana Rajabali, Mhindi mwenye duka Kinondoni. Msiifikirie Kinondoni hii yenu. Ile ilikuwa mikorosho na nyumba mojamoja, duka lake ukiliona kwa mbali.

Baba alikuwa haishii dukani pale. Anapita moja kwa moja hadi uani, anakunywa chai na wenyeji. Mama alipojifungua mdogo wangu akaugua, mke wa Bwana Rajabali alikuja Kawe kumpikia na kumkanda. Binti yao Zarina ndiye aliyenifundisha cherehani, mie nikamfundisha kusuka ukili wa mikeka. Bwana Rajabali alimwita baba "ndugu yangu", na sote tuliona kabisa kuwa anamaanisha.

Sasa kuna Mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao, akamwachia Bwana Rajabali mashine ya boti. Ilikuwa imeshatumika, rangi imebabuka, lakini inawaka. Bwana Rajabali akamwambia baba aichukue, atalipa kwa nazi za shamba letu kidogo kidogo. Akamwambia wazi kwamba yeye anajua sukari na khanga, mashine hajui, ila aliyemwachia kasema ni nzima.

Wakuu, sisi tulifurahi jamani! Baba akaifunga kwenye mashua yake, akawa anafuata samaki Mbweni na kuturudishia mapema, mie na mama tunakaanga na kuuza.

Raha haikudumu.

Mashine ikienda kasi, sawa. Ikipunguzwa mwendo kukaribia ufukweni, inaanza kutema. Kwenye mguu wake, kwa nyuma, juu kidogo ya maji, kulikuwa na tundu dogo, basi hapo panatoka moshi, maji ya kurukaruka na mafuta meusi. Tezi ya mashua, yaani kule nyuma, ikawa nyeusi yote. Upepo ukigeuka, mvua ile inawaangukia samaki. Wateja wangu wakaanza kunusa kabla ya kununua, na mmoja akaniuliza kama siku hizi nakaangia petroli.

Baba alihangaika nayo kweli. Alisafisha plagi. Akabadilisha petroli. Akakaza kila kilichokazika. Mashine zile unachanganya oili humohumo kwenye petroli, akapunguza oili kidogo, na hapo nashukuru alipunguza kidogo, maana angezidi kuipunguza angeiua mashine kabisa. Akaifuta ikawa kavu, akaiwasha, akakaa kuangalia yanatokea wapi.

Yalitokea kwenye lile tundu.

Mnajua alichofanya. Alichonga kizibo cha mti mgumu, akakizungushia pamba yenye mafuta, akakigongomea. Alivyokigongomea vizuri, hata tone halikutoka. Akaniita nije nione, na mie nikamsifu.

Tangu hapo ile mashine haikutulia. Ikipunguzwa mwendo inakohoa na kuzima. Baadaye hata kuwaka ikakataa, baba anavuta kamba mpaka mabega yanauma. Watu wa pwani wakamzunguka, kila mmoja na lake, na karibu wote wakasema lilelile: kauziwa mgonjwa. Tena wakaongeza ya uhindi na uswahili, mnayajua maneno hayo. Nilimwona baba akinuna, nikajua yamemwingia.

Ijumaa akaipakia kwenye mkokoteni mpaka Kinondoni. Nilifuata nyuma na mama. Mama alimsihi njia nzima waingie uani wakayaongee huko, na yeye anasukuma mkokoteni tu. Watu ndiyo wanatoka msikitini, baraza ya duka imejaa. Baba akaibwaga mashine katikati yao.

Akasema, "Rajabali, umenipa mgonjwa ukaniambia mzima. Nilidhani una ndugu, kumbe una wateja."

Bwana Rajabali alisimama na mizani mkononi. Hakubisha. Alisema yeye alimwambia alivyoambiwa, na kwamba mashine ibaki pale, nazi zetu atazirudisha. Zarina alikuwa mlangoni. Nilimtazama, akaangalia chini.

Wakuu, mpaka leo nikikumbuka uso wa Bwana Rajabali naumia.

Haukupita muda mrefu, baba akapata kazi ya kutengeneza boti Msasani, kwa Wazungu wenye vyombo vya starehe. Nilimpelekea chakula. Tukiwa pale akaja bwana mmoja na mashine mpya kabisa, bado inang'aa. Akapunguza mwendo akaribie nchi kavu. Kwenye mguu wa ile mashine, kwa nyuma, juu kidogo ya maji, kukaanza kutoka moshi, maji ya kurukaruka na mafuta meusi. Mwenyewe wala hakugeuka kutazama.

Baba aliacha kula. Akasema taratibu, "Kumbe ilikuwa inapumua."

Alikwenda Kinondoni siku ileile. Akaomba radhi palepale barazani, kwa sauti, ili waliosikia lile wasikie na hili. Bwana Rajabali akamshika mkono, akasema yamekwisha, akaagiza chai.

Chai ikaletwa barazani.

Kijana wa ule uzi, mashine za zamani za kuchanganya oili hutema hivyo zikienda polepole. Usizibe kitu. Changanya oili kwa kipimo chake, futa, endelea na safari. Ukiona bado una shaka, muulize fundi wa mashine, kila fundi na fani yake. Na ukitaka kumrudia aliyekuuzia, mwite pembeni. Wengine wenye ujuzi na mashine hizi, au mliowahi kumwaibisha mtu wenu kwa kosa ambalo si lake, andikeni hapa chini. Nasoma zote, ila kujibu nachelewa.

Najua wapo watakaosema baba aliomba radhi akasamehewa, sasa bibi unalia nini. Ni kweli, hakuna aliyetununia. Zarina alinisalimia vizuri siku zote, ila kwenye cherehani hakuniita tena.

Na baba aliendelea kununua duka lile kwa miaka. Bwana Rajabali hakumpa tena kitu bila kukijaribu kwanza. Taa aliiwasha, kufuli alilifunga na kulifungua. Hata kiberiti, alikuwa anatoa njiti moja, anaiwasha mbele ya baba na kumwuliza, "Umeona, Bwana Sefu?"

Baba anajibu, "Nimeona."