Gorila wa Shemeji Yangu

Shemeji yangu huuza vitenge na sabuni kati ya Goma na Bunagana, na elimu yake yote ya wanyama imetoka kwenye simu. Simdharau kwa sababu mimi ni mwalimu wa biolojia. Namdharau kwa sababu nilikaa sebuleni kwa baba yangu nikamsikia akiupaka uchafu wake rangi ya sayansi.

Habari zilitufikia kwamba huko Bunagana amempangishia mwanamke mwingine nyumba. Mdogo wangu, mke wake wa ndoa ya kanisa, alirudi kwetu na watoto, na baba akamwita mkwe wake aje ajieleze. Nilidhani atakana, au angalau atainamisha kichwa. Bwana huyo alikuja amevaa koti, akakalia kiti kizuri kuliko vyote, akamaliza chai, ndipo akatoa simu.

"Papa, tuongee kama batu ba akili," alisema. "Bascientifiques bamechunguza gorila ya hapa kwetu Virunga. Dume moja iko na bibi wengi, na bote banamutii. Ni nature. Uliza mwalimu."

Baba, mzee asiyekosa misa, akanigeukia. "Ni kweli?"

Sijawahi kujibu swali kwa furaha kama ile. Nikamwambia shemeji kwamba video yake imepitwa na wakati. Utafiti wa karibuni juu ya gorila wa milimani umeonyesha kuwa jike, ingawa uzito wake ni kama nusu ya ule wa dume, mara nyingi humtawala dume mmojawapo pale kundi linapokuwa na madume kadhaa. Tena jike akitaka kuhama, anahama, na hupendelea kundi lenye jike mwenzake aliyewahi kuishi naye zamani.

"Kwa hiyo, shemeji," nikamalizia, "ukitaka kuwa gorila, uwe gorila muzima. Anza kulala porini, ule majani."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Shemeji aliitazama simu yake kama vile imemsengenya.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, akitutazama mimi na mumewe kwa dharau ileile.

"Mumemaliza?" aliuliza. "Wewe unaleta gorila juu ya kuchukua bibi mwingine. Na wewe, kaka, unaleta gorila yako juu ya kunipa ruhusa ya kwenda. Miye niko mutu. Niliapa mbele ya padri, na huyu aliapa pembeni yangu. Gorila gani iliapa?"

Mimi nilijishughulisha na kikombe kilichokuwa tupu.

Wiki hiyohiyo alihamia kwa rafiki yake wa tangu shule, anayekausha sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni Kituku, wakaanza kuuza pamoja. Sikuthubutu kumkumbusha utafiti wangu.

Shemeji alimfuata huko Jumamosi moja, na koti lake, viatu viking'aa katikati ya magamba ya samaki. Nilikuwepo. Alikohoa, akamwita "mama watoto" kwa sauti ya asali.

Mdogo wangu hakuacha kugeuza samaki. "Papa," alimwambia, kama anavyomwita mteja yeyote, "wanunuzi wanapanga mstari kule."

Akaenda kupanga mstari. Mwanaume mzima, na koti lake, nyuma ya mama mmoja mwenye beseni.