Sura ya Mama kwenye Bango la Saluni

Baba alichora mabango ya maduka maisha yake yote. Mama hakupenda kupigwa picha, kwa hiyo alipofariki, sura yake ilibaki tu kwenye bango la saluni alilolichora Baba, amesukwa nywele, anacheka.

Jana mwenye saluni, hana hata haya, alilipaka lote rangi nyeupe.

"Mzee, hayo mambo ya kizamani!" akamwambia Baba.

Baba akapanda ngazi na tambara la petroli, akaanza kufuta ile nyeupe.

"Baba, polepole!"

"Unanifundisha kazi?" akafoka.

Nyusi za mama zikachungulia. Akasugua kwa pupa, nazo zikafutika, kisha macho, mpaka likabaki bati tupu.

Akashuka, akanipa tambara lililolowa rangi.

"Hili usilifue."