Mbok Sarpinah Hainamii Bomba

Giyarto, jirani yangu ukuta kwa ukuta, amepiga video za harusi tangu enzi za kanda, na mpaka mwaka wa habari hii hakuwahi kupiga picha ya jambo lolote ambalo halikuishia kwenye wali. Ni mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Mimi si hivyo, na kijiji chote hiki cha kusini ya mji wa Yogya kinanijua, kwa hiyo bora niisimulie mimi habari hii. Mkimwachia Giyarto mtaambiwa kila mtu alikuwa mwema.

Kazi yake ina sheria moja: kila uso uonekane. Ukimwacha shangazi mmoja nje ya video, familia ile haikuiti tena hata kwenye tohara. Wageni wakipanga mstari kuwapa mkono maharusi, Giyarto anasimamisha kamera yake pembeni na kuiacha, mpaka mtu wa mwisho apite. Wakubwa hawakatwi, hata mzee akisimama mbele ya kamera anatafuta kiatu. Mwaka mmoja alinisahau mimi niliyepika, na nilimnunia msimu mzima wa mvua.

Sasa twende kwenye bomba. Kutoka kijijini kwenda makaburini kuna njia moja fupi, na wazee wetu wote walibebwa kwa njia hiyo. Matajiri wakanunua mashamba ya mpunga ya katikati, wakajenga nyumba zao nzuri, njia wakaitia lami, kisha wakaweka bomba la chuma kukatiza njia, jekundu na jeupe, usawa wa kifua. Likija gari lenye stika ya wakazi wa nyumba hizo, bomba linainuliwa. Sisi wa miguu tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, hatujafungiwa chochote, mtu ainame tu apite.

Tukainama. Kwetu kuinama si kazi. Mtoto wa huku hajajua hata kufunga vifungo vya shati ameshafundishwa kwamba ukipita mbele ya watu waliokaa unakunja mgongo, unashusha mkono wa kulia mpaka karibu na goti, unasema nuwun sewu, samahani elfu moja. Basi tukawa tunainama kwenda, tunainama kurudi, na wengine wetu, Mungu atusamehe, tulikuwa tunaliomba samahani bomba.

Asiyejua kuinama ni maiti. Alipofariki mzee Kromo tulifika pale na jeneza mabegani, na Ponidi, mlinzi, mwana wa kijiji hiki hiki, akasema hana ruhusa. Bomba ni la magari yenye stika, na mwenyekiti wa wakazi yuko safarini, simu haipatikani. Mpumbavu mmoja akasema basi tumpitishe kwa chini.

"Huyu ni marehemu," imamu akamwambia, "si mfuko wa saruji."

Tukageuza jeneza, jambo ambalo kwetu halifanywi, tukampakia mzee Kromo kwenye pikapu, akazungushwa barabara kuu. Njiani dereva akakumbuka hana mafuta. Mzee Kromo alipanga foleni kwenye kituo cha petroli pamoja na malori ya mchanga, wanawe wameshikilia kitambaa cha kijani cha kufunikia jeneza kisipeperuke. Mimi nilikuwepo. Nilitaka kumng'ata mtu.

Mbok Sarpinah, mama yake Giyarto, naye aliiona ile pikapu kutoka barazani kwake. Alikuwa mzee sana na mgongo wake ulikuwa umekauka wima, haukunjiki mbele wala nyuma, kwa hiyo tangu bomba liwekwe hakuwahi tena kufika kwenye kaburi la mumewe. Kila mwezi wa kabla ya mfungo, watu wote wakienda kusafisha makaburi, alinipa mimi maua nimpelekee. Jioni ile akamwita mwanawe.

"Giyar. Mimi mtanipitisha njia ya baba yako. Kwa mabega. Kwenye pikapu siendi."

"Mbok, mama, usiseme hivyo. Wewe bado upo sana."

"Nipo mpaka lini? Nitajie."

Giyarto akamwomba radhi.

Basi ndipo lilipobandikwa tangazo kwenye duka la fotokopi: shindano la filamu fupi, kwa watu ambao hawajawahi kutengeneza filamu, kuhusu haki za raia. Filamu itakayoshinda itaonyeshwa mbele ya mkuu wa wilaya, akiwa amekaa kiti cha mbele. Giyarto alisoma sentensi hiyo tu. Mengine, zawadi, vyeti, hayakumhusu. Alitaka mkuu wa wilaya akae chini, alione lile bomba, kisha atoe amri.

"Wewe una miaka chungu nzima kwenye kamera," nikamwambia. "Umekuwa mpya kwa lipi?"

"Yu Karti," akasema, maana mimi ni kama dada yake mkubwa, "sijawahi kupiga filamu. Zile zote zilikuwa harusi."

Akaenda akasimamisha kamera karibu na bomba, akaiacha, kama anavyofanya siku zote. Kijiji kizima kikapita kwa zamu, nguo za sikukuu, kila mtu akataja jina lake. Wanapita chini ya bomba wameinama, na kwa kuwa mbele kuna kamera, wanaendelea kuinama mpaka waipite, samahani elfu, samahani elfu. Ponidi naye akasema, "Kang, kaka yangu, mimi mwenyewe nitoke vizuri basi." Akachana nywele. Akaomba apigwe akiwa kazini, gari linakuja, analiinulia bomba. Akapigwa.

Mwisho akaja Mbok Sarpinah na fimbo yake. Alifika kwenye bomba, akasimama.

"Inama kidogo tu, Mbok," Giyarto akanong'ona.

"Mgongo umegoma. Na hata ungekubali," akasema kwa sauti ya kila siku, "mimi nainamia watu. Hili ni bomba."

Akalitazama mpaka alipochoka, akarudi nyumbani. Giyarto hakukata hata kidogo, kwa sababu mkubwa hakatwi. Kisha akaunganisha filamu yake kwa programu anayoijua, yenye maua ya dhahabu yanayozunguka pembeni, akatia muziki wa kumwingiza bibi harusi, na mwisho kabisa yakatokea yale maandishi yake ya siku zote: Asanteni kwa baraka zenu.

Mjini nilikwenda naye, nyuma ya pikipiki, na chakula nimekifunga kwenye jani la mgomba maana siwaamini watu wa filamu. Filamu iliyoshinda ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo. Ilionyesha tone la maji kwenye bomba la jikoni, likawa halianguki, halianguki, kisha likaanguka. Mkuu wa wilaya akasema ni ya kufikirisha. Akatazama saa, ana kikao, akaondoka na watu wake wote.

Ya Giyarto ilipata Tuzo Maalumu. Ikaonyeshwa baada ya hapo, kiti cha mbele kitupu.

"Hicho kiti kiwekeeni maua basi!" nikasema, wala sikunong'ona. Giyarto akanifinya.

Ilipokwisha, jaji mmoja wa Jakarta, amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, akasimama akifuta macho.

"Pak Giyarto, niambie. Uliwaelekezaje raia wako wakainama vile mbele ya kamera? Ile ishara ya watu waliovunjwa mgongo na mamlaka!"

"Sikuwaelekeza, Pak."

"Waliinama wenyewe?"

"Walikuwa wanapita mbele ya watu, Pak."

"Watu gani? Pale palikuwa na kamera tu."

Giyarto akaangalia ukumbi mzima kwa woga, safu moja baada ya nyingine, kama mtu anayeogopa kumkosea mwenye nyumba.

"Nyinyi," akasema. "Walijua mtakuja kukaa nyuma ya kamera."

Yule jaji akakaa. Baadaye akapata nguvu tena, akauliza kuhusu maua ya dhahabu na muziki wa harusi, akaviita kejeli kali kuliko zote alizowahi kuona.

"Programu yangu haina maua mengine, Pak," Giyarto akasema, akaomba radhi.

Wakapiga makofi mpaka basi. Wakampa cheti na chupa ya chai yenye nembo ya shindano. Tulipotoka nje nilikuwa na hasira mpaka masikio yananivuma. Makofi yote yale, na bomba liko pale pale.

"Yu, nitamwambia nini Mbok?"

"Mwambie umepata chupa."

Sikupaswa kusema hivyo. Nilimwona mabega yakishuka.

Mkuu wa kijiji akasema hata hivyo kijiji kimeshinda, na filamu ionyeshwe. Tukatandaza shuka kwenye uwanja wa badminton, nikachemsha karanga. Kila uso ulipotokea watu walipiga kelele: "Tazama tumbo la Pak Lurah, mkuu wetu!" "Huyo nani kavaa blauzi ya kebaya ya kuazima?" Tulicheka mbavu hatuna. Ponidi alikaa mbele na mkewe, amechana nywele tena. Akatokea kwenye shuka, watu wakampigia mbinja, naye akajinyoosha. Gari likaja, kioo wazi, na kwenye kiti cha mbele amekaa mbwa mdogo mweupe, kichwa nje. Ponidi akaliinua bomba kwa kidole kimoja. Kuna mzigo wa saruji umefungwa kwenye ncha ya nyuma ya bomba, kwa hiyo halina uzito wowote. Akatabasamu kwa kamera, kidole bado kiko juu, na mbwa akapita kichwa wima.

Kicheko kikakatika. Ukasikika muziki wa bibi harusi peke yake.

"Kumbe jepesi," akasema Mbok Sarpinah. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile anavyosema akipima mkononi tempe ya soya sokoni.

Ponidi akasimama, akaondoka, karanga zake akaziacha kwenye kiti. Giyarto akataka kumfuata.

"Nimemwaibisha mwenzangu, Yu."

"Ukienda kumwomba radhi, wallahi naivunja hiyo kamera."

Akaenda. Ponidi hakumfungulia mlango.

Mbok Sarpinah alifariki mwezi ule wa kusafisha makaburi, asubuhi, baada ya chai, bila kumsumbua mtu. Nilimwosha pamoja na wanawake wenzangu, na mgongo wake ulikuwa vile vile. Nililia, kwa nini nifiche. Mkuu wa kijiji akampigia mwenyekiti wa wakazi, akajibiwa kwamba suala litajadiliwa kikaoni. Pikapu ikaja, dereva akatuambia kwa fahari kwamba safari hii amejaza mafuta.

Giyarto akaitazama pikapu. Akasema, "Tunapita njia ya baba." Hakumwomba mtu radhi. Akaingiza bega lake chini ya jeneza, upande wa mbele.

"Na kamera je?" nikamwuliza, maana yeye hata kwenye mazishi ya watu huwa anayo.

"Nina mabega mawili tu, Yu."

Kwetu wanawake hubaki nyumbani. Mimi sikubaki.

Tulifika kwenye bomba. Waliotangulia wangeweza kuinama wakapita, kama kila siku. Hawakuinama. Walisimama, na waliokuja nyuma yao wakasimama, na jeneza likasimama katikati, mashada ya yasmini yananing'inia. Hakuna aliyesema samahani. Ponidi alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, kofia ya ulinzi kichwani, na alikuwa anamtazama Giyarto, na Giyarto alikuwa analitazama bomba. Mabega ya wabebaji yalianza kuelemewa. Nikafikiri, wakiligeuza tena hili jeneza, leo mimi nitafungwa.

Ponidi akaja. Alilifungua kwa mikono miwili, kama kitu kizito. Lilipokuwa juu akarudi nyuma, akavua kofia, akakunja mgongo mpaka nikamwona kisogo, mkono wa kulia chini karibu na goti.

"Samahani elfu, Mbok," akasema.

Mbok Sarpinah akapita.

Yule jaji wa kofia ya sufu alisikia habari, akapiga simu kutoka Jakarta kuuliza kama tukio lilirekodiwa. Giyarto akasema hapana. Akamwomba radhi.

Ponidi alipewa onyo, na kesho yake bomba lilikuwa limeshushwa tena. Lakini sisi hatuinami tena pale. Tunafika, tunasimama. Mgongo wangu mimi ni mzima kabisa, nasimama tu.

"Ala, Yu Karti!" Ponidi huniambia kutoka kwenye kiti chake. "Si uiname kidogo upite? Mkono wangu umechoka."

"Kidole kimoja ndicho kilichokuchosha?"

Anaguna, anainuka, analifungua, anarudi kukaa. Napita wima. Kisha nikifika mbele yake pale alipokaa, nakunja mgongo, nashusha mkono, nasema samahani elfu, kwa sababu yeye ni mtu.