Barua za Mtaa wa Narung'ombe

Mwaka 2004, ukitaka kumpata Severa Massawe saa za kazi, ulipita nyuma ya duka la vipuri vya cherehani, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ukapanda ngazi zilizojaa maboksi ya sindano, ukagonga mlango wa chumba kisicho na dirisha. Humo mlikuwa na kiyoyozi, seva moja, kiti kimoja, na yeye.

Alikuwa ameingia duka lile miaka saba nyuma kuuza kaunta, enzi biashara imefunguliwa na kila mwenye duka anaagiza mzigo wake mwenyewe ng'ambo. Mzee Devendra, mwenye duka, aliona anavyopenda kompyuta, akampeleka kozi ya jioni Posta. Alipomaliza, Severa alimfungia seva ya barua pepe palepale dukani, kwa kuwa Mzee hakutaka barua za wauzaji wake wa India zikae kwa watu. Hakuna mwingine aliyejua inavyofanya kazi. Mwanzoni hilo lilimpa Severa kichwa.

Kisha zikaanza kuingia barua taka. Leo mia moja, kesho mia nne: dawa za nguvu za kiume, urithi wa majenerali waliokufa, bahati nasibu ambazo hakuna aliyecheza. Mama Shobhana, mke wa Mzee, alikaa kaunta na kompyuta yake, akawa anaona haya kuzifungua mbele ya wateja. Severa akaipa seva amri: barua yoyote ya Kiingereza inayotaja haraka na benki pamoja kwenye kichwa chake, ifutwe. Diski ilikuwa ndogo, hakuona sababu ya kuhifadhi uchafu.

Wiki tatu baadaye kontena la vichwa vya cherehani likakwama bandarini. Nyaraka za benki zilikuwa na kosa, na muuzaji alikuwa ameandika mara nne kuuliza. Barua zote nne zilikuwa na kichwa kilekile, chenye haraka na benki, na seva ilizifuta zote bila kumwambia mtu. Kontena lilipotoka, masika yalishapenya kwenye bati lililotoboka. Nusu ya vichwa vilikuwa na kutu.

Severa hakusubiri kuulizwa. Alishuka akasema mbele ya Mzee na mkewe, "Ni mimi, Mzee. Mashine imefanya nilichoiambia."

Mzee Devendra hakumfokea. Afadhali angefoka.

"Basi kuanzia leo mashine haiamui," alisema. "Utazisoma wewe. Zote."

Akazisoma mwaka na nusu, siku sita kwa wiki, moja moja, nzuri huku na mbaya kule. Alipokwenda Kibosho kumzika shangazi yake, Mzee alimpigia mpaka kwa paroko. Mumewe, Theophil, ni mwalimu. Januari alihamishiwa Mwanza, wakakubaliana Severa amfuate Juni. Juni ikapita.

"Mzee anataka kwanza nipate mtu wa kukaa pale," alimweleza kwenye simu.

"Hujapata?"

"Nimeleta wawili. Mmoja alikaa siku nne."

"Severa, hivi umeolewa na mimi au na hiyo seva?"

Hakucheka hata mmoja wao.

Aliwahi kuandika barua ya kuacha kazi. Alishuka nayo mkononi, akafika penye rafu ya chini, akaviona vile vichwa vyenye kutu ambavyo Mzee alikataa kuvitupa. Akarudi juu.

Agosti alisoma habari za chujio la barua la aina nyingine, lisilopewa amri bali linalofundishwa. Unalipatia rundo la barua nzuri na rundo la barua taka, lenyewe linahesabu maneno yanayojirudia kila upande, mwisho linajua kutofautisha. Severa akatazama folda zake. Tangu kontena lile alikuwa anaogopa kufuta. Alimwomba Mzee diski kubwa na akahifadhi kila kitu. Barua nzuri elfu sita, mbaya zaidi ya laki moja, zote amezitenga kwa macho yake mwenyewe.

Mzee alikubali lijaribiwe, naye akalilisha siku mbili nzima. Safari hii alihakikisha halifuti chochote: barua linayoitilia shaka linaiweka kando. Wiki ya kwanza halikukosea. Wiki ya pili liliweka kando barua ya dada yake Mama Shobhana aliyeko Leicester, habari za arusi, yote kwa herufi kubwa. Severa akaipeleka chini mwenyewe.

"Kwa hiyo bado linakosea," Mzee alisema.

"Linakosea, Mzee, ila halipotezi. Mtu akipitia folda ya kando mara moja kwa siku, nusu saa inatosha."

"Mtu nani?"



"Mimi," alisema Mama Shobhana, bila kuinua uso kwenye boksi la sindano. "Miaka thelathini natenga sindano feki na halisi. Barua ndizo zitanishinda?"

"Haya," Mzee alisema, akaenda kuhudumia mteja.

Oktoba Severa alikuwa Mwanza. Wiki ya kwanza Mama Shobhana alipiga simu mara tano. Kila mara Severa aliipua sufuria, akavaa viatu, akakimbilia kafe ya intaneti kuingia kwenye seva akiwa hukohuko. Theophil alimtazama akifunga kamba. Severa alikuwa akidhani kile chumba kimebaki Kariakoo.

Simu ya sita ilimkuta ameshavaa kiatu kimoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna barua ya mtu simjui, anataja bei mpya. Nzuri au mbaya?"

"Wewe unaonaje, Mama?"

"Anajua namba za sindano tunazoagiza. Tapeli atazijulia wapi?"

Severa alishika kiatu cha pili, akakiweka chini. "Basi amua mwenyewe."

Kwa mbali alisikia honi za Kariakoo.

"Naitoa kwenye taka," alisema Mama Shobhana.

"Itoe, Mama."

Akavua kiatu. Mpaka jioni aliiweka simu karibu na jiko, akingoja iite imwambie kimeharibika kitu. Siku hiyo haikuita tena.