Kura ya Dawa Pale Chula

Nakumbuka siku watoto wa kisiwa chetu cha Chula walipopigiwa kura. Sogea karibu, mwanangu, sauti yangu si ile ya zamani.

Daktari mgeni alileta dawa mpya ya homa ya watoto. Tulishaisifu kabla ya kuiona, kwa kuwa watoto walioinywa mjini Kismayo walipona wote. Nikasema mbele ya watu wapewe wote, wanyonge kwanza. Babu yangu, mkubwa wa wavuvi, akanikemea: "Waloinywa kule ni wana wa matajiri, maziwa hayawapungukii. Wayuwaje ni dawa iloponya? Ukimpa umpendaye, utayuwa wampenda nani. Dawa hutaiyuwa."

Akashauri tufanye kama tugawapo samaki. Kwetu, mafungu yakishapangwa mchangani, kila mvuvi hutoa alama yake, kifungo au kauri, na mtu asiyejua alama ni ya nani huziweka juu ya mafungu. Hapo hapana kupendelea wala kununa. Kina mama wakaelezwa, wakaridhia. Watoto wagonjwa wote wangeuguzwa kama kawaida, ila nusu yao wangeongezewa dawa mpya.

Dada yangu Mwanaisha alitoa ushanga wa mwanawe, Shee. Ukaangukia upande wa dawa. Dada alinikumbatia kwa furaha.

Shee alikufa. Upande ule wakafa wengi kuliko upande wa pili, mpaka daktari akaisimamisha dawa, akakaa matangani nasi akilia. Nilimchukia babu kwa kura yake, sikufichi. Sikula naye siku nyingi.

Baadaye mchuuzi akaja kisiwani na dawa ileile. Jirani yetu, mwanawe akiwaka homa, alikwisha kufungua fundo la leso anunue. "Wana wa Kismayo iliwaponya," alisema. Mwanaisha akamshika mkono.

"Hao hatuyui kama wangepona bila yake," akamwambia. "Wa hapa twayuwa. Mwanangu ni mmoja katika walotuyuvya, walotupa kuyuwa. Usimpe wako."

Jirani akafunga leso yake. Mtoto yule akapona, na dada akarudi ndani kulia.

Mwanangu, ukiambiwa kitu kimeponya, uliza habari za wasiokipata. Uliza pia nani aliwachagua waliokipata, na kwa nini. Uliza hata kama mgonjwa ni wako na moyo unakimbia. Mungu akuhifadhie wanao, akupe elimu yenye manufaa, na asikufundishe kwa njia aliyofundishwa dada yangu. Amin.