Pua ya Atija na Magunia ya Suruma

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kituo chetu cha forodha hapa Palma, ambaye sote tulimwita chefe, aliniweka mbele ya gunia la suruma, yaani bangi, lililokamatwa njia ya Nhica do Rovuma. Akaniambia ninuse. Nikavuta pumzi ndefu, na kichwa kikaniuma hadi alasiri.

"Hunusi pilau hapa," akasema chefe. "Chukua kidogo, fikicha, nusa mara moja, geuza uso. Halafu niambie limesafiri siku nyingi au chache."

Mashine hatukuwa nayo. Harufu ya suruma hutoka kwenye mafuta mepesi ya mmea ambayo wakemia huyaita terpeni. Limoneni hunukia ganda la limau, na wavutaji husema inachangamsha. Mirseni ina harufu ya udongo na embe lililoiva, nayo wanasema inalegeza mwili na kuleta usingizi. Pineni ni utomvu wa msonobari, linaloli ni maua, kariofileni ni pilipili manga na karafuu. Hayo ya kuchangamsha na kulaza wataalamu wenyewe bado wanayabishania, kwa hiyo msiyaapie. Tulichokiamini sisi ni kwamba limau na msonobari huruka mapema, pilipili manga hubaki. Gunia lenye pilipili tupu limekaa sana njiani.

Kwa miaka mingi pua yangu ndiyo iliyokuwa pua ya kituo. Kisha akahamishiwa kwetu Atija, kutoka ofisi ya Olumbi, mdogo kwangu kwa miaka kumi. Wiki ile ile nikasema gunia fulani ni bichi, limetoka shambani juzi. Atija akafikicha, akageuza uso.

"Samahani, kaka Issufo. Mimi naona limenyunyiziwa maji tu. Limau halimo."

Lilipopasuliwa, katikati lilikuwa limelowa na kuota ukungu. Tangu hapo chefe hakuniita tena kwanza. Nilimwonea Atija wivu, siwafichi. Nilimwonea wivu hata alivyokunja mikono ya shati kabla ya kunusa.

Alipokuja chefe wa pili, tukaambiwa maabara ya mjini inataka mtu mmoja wa kwetu, akasomeshwe na abaki huko. Mkemia angetujaribu mimi na Atija kwa vichupa. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile, na nilijua kwa haki siipati.

Mnusaji hajipaki hata sabuni yenye harufu siku ya kazi. Sheria hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Atija. Asubuhi ya mtihani nikajipaka mafuta ya karafuu shingoni na kwenye kola, mengi, nikakaa kiti cha ubavuni mwake.

Atija akafungua kichupa cha kwanza, akasita. Mkemia naye akainua kichwa.

"Karafuu hii inatoka wapi?"

Kuharibu mtihani wa serikali lilikuwa kosa la kufukuzwa.

"Jana tuliweka magunia ya karafuu humu, doutor," akajibu Atija bila kunitazama. Hayakuwepo magunia yoyote. Akabeba kiti chake hadi dirishani, akavitaja vichupa vyote vitano bila kukosea.

Ikafika zamu yangu. Nilinusa kimoja kimoja, na vyote kwangu vilikuwa karafuu.

Atija akaenda mjini, akawa mkuu wa wanusaji. Mimi nikabaki na magunia hadi kustaafu. Siku ya kuniaga alikuja Palma, akawaambia vijana mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Watu wakapiga makofi. Nilipompata peke yake, nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema kuwa karafuu ilikuwa yangu.

"Wangekufukuza, kaka, na watoto wako walikuwa shuleni," akasema, akanimiminia chai.

Vijana wananiuliza kama nimemsamehe kwa kunipita. Wanauliza kinyume, ila siwasahihishi. Angenichongea, ningekuwa na sababu ya kumchukia. Hata hiyo hakunipa.