Jua Lililoingia kwa Dirisha la Mashariki

Fundi vioo alikuwa mpole, ila ukimgusia kazi yake atazungumza mpaka chai ipoe. Siku alipomaliza kufunika uso wa jengo jipya kwa vioo vya kung'aa, alivuka barabara, akapanda hadi chumba cha dada yake mshonaji, akamvuta dirishani.

"Jitazame kule juu, dada. Nimekuletea barabara nzima chumbani."

"Mbona nimenenepa? Kioo chako kinadanganya."

"Kioo hakidanganyi mtu. Punguza chapati."

Alikuwa na mtindo wake. Mafundi wengine husimamisha kioo wima. Yeye alipachika kabari ya mpira nyuma ya ukingo wa juu ili kioo kiinamie mbele kidogo, vumbi lisikae. Kadiri kioo kilivyokuwa juu, ndivyo alivyokiinamisha zaidi. Wenzake walimcheka kwamba vioo vyake vinaamkia wakubwa. Yeye alijivunia.

Haukupita muda, koti jeusi la bwana harusi likaungua begani, mezani kwa mshonaji. Alama ilikuwa nyembamba, imepinda kama unyusi. Binti yake ndiye aliyelipiga pasi asubuhi, basi kesi ikaishia hapo.

"Mama, haki ya Mungu, nililiacha zima!"

"Limejichoma lenyewe? Akili yako iko kwenye simu. Jumamosi unakwenda kwa shangazi yako, ukajifunze kufagia kwanza. Cherehani yangu usiiguse tena."

Binti huyo hakuwa na kazi nyingine duniani ila cherehani ile, na aliipenda. Mjomba wake alimkuta analia kwenye ngazi, akamnunulia soda. "Hasira za mama yako ni moto wa karatasi," akamwambia, kisha akapanda juu kunywa chai.

Ilikuwa alasiri. Mezani palikuwa na jagi la kioo lililojaa maji, na kando yake uzi wa mwanga uliopinda, ukitambaa polepole juu ya mbao. Aliuwekea kidole. Ukamchoma.

Akainua macho. Ng'ambo ya barabara, majua matano yalimkodolea.

Dirisha lile linatazama mashariki. Tangu nyumba ijengwe, jua la alasiri halikuwahi kuingia humo. Nani angelishuku? Lakini mwanga ukigonga kioo hurudi kwa pembe ileile uliyojia, na vioo vyake, kila kimoja na mwinamo wake, vilikuwa vinaurudisha kwenye meza ileile moja. Hapo ukapita katika tumbo la jagi, maji yakaupinda na kuukusanya mpaka ukawa mkali kama ncha ya pasi.

Fundi alilihamisha jagi, akaliweka kabatini, akaaga.

Wako watu wanaodhani ukiondoa kisu umekwisha kulipia jeraha. Jagi lilikuwa kabatini, lakini binti alikuwa bado mwongo machoni pa mama yake, na mtu mmoja tu aliyejua ukweli alikuwa anakwenda kazini, anapima vioo, anavikata vibaya, anarudi nyumbani na kusukuma sahani kando. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. Akasema jino.

Jumamosi alipoingia kwa dada yake, begi la binti lilikuwa mlangoni.

"Dada, si pasi."

"Umekuja kumtetea? Nyie wajomba ndio mnaoharibu watoto."

"Ni mimi."

Akalitoa jagi, akalijaza maji, akaliweka mezani, na kando yake kipande cha kitambaa cheusi. Wakangoja. Jua likashuka kwenye vioo. Moshi ukapanda, mwembamba kama uzi.

Mshonaji alitazama kitambaa, dirisha, kisha ndugu yake.

"Umejua lini?"

"Siku ile niliyokunywa chai hapa."

"Ukanyamaza, huku mimi namtukana mwanangu?"

"Niliogopa wenye jengo wataniambia nibomoe kazi yote."

Binti alikuwa amesimama kando ya begi lake. "Mjomba, ulinikuta nalia. Ukaninunulia soda."

Fundi akalirudisha jagi kabatini.

"Mwanangu," mama akaanza.

"Baadaye, mama. Koti linatakiwa kesho." Akachukua mkasi, akafumua bega lililoungua, akakata kipande kipya, akaketi kwenye cherehani. Akajaribu kutunga uzi sindanoni. Mwanga ukampiga machoni; akakosa tundu, akakosa tena.

Fundi akaenda dirishani, akatanua mikono, akayapa majua yake mgongo. Shati likaanza kumbabua. Jumatatu angezing'oa kabari zote, msimamizi apende asipende. Lakini hilo halikumsaidia mtu saa hiyo.

"Sogea kushoto," binti akasema bila kumtazama. "Bado unapitisha mwanga."

Akasogea.